Futi Iliyonenepesha Mtaa

Ndugu wananchi, wazazi, walezi, na nyote mnaofunga mkanda chini ya tumbo mkidhani tumbo halijui: kwa heshima na taadhima natangaza matokeo ya utafiti mkubwa wa kisayansi. Kwa asubuhi moja tu, bila kuwapa chakula wala kinywaji, mtafiti aliwanenepesha wanaume kumi na mmoja wa mtaa mmoja, kila mmoja sentimita nane. Mtafiti huyo ni mimi, msichana wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, likizoni kutoka shule ya bweni. Maabara ilikuwa duka la baba yangu. Vifaa vilikuwa wembe mmoja na gundi.

Nakiri kwamba neno "utafiti" nimeliweka kwa ajili ya adabu. Nyumbani wanaliita kwa jina jingine.

Baba ni fundi cherehani. Duka letu lina meza ndefu ya kukatia vitambaa, cherehani mbili, moja ya Baba na moja ya Mama anayeshona sare za shule, na kioo kirefu chenye ufa kona ya juu, kiasi kwamba mteja mrefu akijitazama hujiona amepasuka paji la uso. Futi ya Baba, ule utepe wa njano wa kupimia, huishi shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapofunga duka. Haiazimwi. "Futi ya fundi ni kama mswaki," husema. Kwa hiyo ipo ya pili, ya akiba, iliyotundikwa kwenye msumari kando ya kioo, ambayo yeyote anaweza kuishika.

Jambo jingine mlijue kuhusu Baba: kiuno cha mtu hakitangazi. Huinama, husoma, huandika kwenye daftari kwa tarakimu ndogo kama mayai ya chawa, kisha husema, "Tayari, mkuu," basi. Suruali ikiisha, huishonea kwa ndani kilebo chenye namba thelathini na nne, yaani inchi za kiuno. Zote. Hata ile ya mwoka mikate wa mtaani, ambaye tunamwita Tanuri na ambaye suruali yake moja ingetosha kuwa pazia la dirisha, ina lebo ya thelathini na nne. Kwa miaka ishirini wanaume wa mtaa wetu wametembea vifua mbele, kila mmoja akiamini kwamba ujana wake umekaa palepale alipouacha.

Sasa yupo Mjomba, kaka yake Mama, kinyozi, ukuta kwa ukuta na duka letu. Mjomba hategemei lebo. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni yake huja kwetu, husimama ubavu mbele ya kioo, huchukua ile futi ya akiba na kujizungushia.

"Themanini na nane!" hupaza sauti. "Tangu siku ya harusi yangu, themanini na nane! Spika, andika hiyo."

Spika ni mimi. Jina nilipewa shuleni kwa sababu ya matangazo yangu, likanifuata nyumbani bila kulipa nauli.

"Nimeandika, Mjomba. Na jana niliandika. Na juzi."

"Andika tena. Wivu wa shemeji yangu usikuzuie."

Baba hucheka tu, akiivuta fulana ishuke. Basi mimi nikaona kwamba haki imekaa upande mmoja muda mrefu mno. Jumatatu jioni, Baba alipotoka kununua uzi, nikaitoa ile futi msumarini, nikaikata kwenye sitini na kwenye sitini na nane, kipande cha katikati nikakitia mfukoni, ncha mbili nikazipandanisha kidogo, nikazigandisha, nikazipitishia pasi ya vuguvugu. Mjinga angekata mwanzoni. Lakini mtu akishika futi huangalia ncha. Katikati ya futi hapana mtu anayepaangalia, kama vile katikati ya hotuba. Ukiitazama ilikuwa futi ya heshima kabisa. Ukipima mkono wa shati, ilisema kweli. Ukipita sitini tu, ilikuongezea nane, zawadi kutoka kwangu.

Nililala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Jumanne asubuhi, kabla Mjomba hajaja, alikuja Sista. Ni muuguzi wa kituo cha afya kilichopo mwisho wa mtaa, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka barabara. Alikuwa na meza ya kukunja, mizani, na daftari kubwa, akaomba kukaa barazani kwetu kwa kuwa kuna kivuli na ukuta ulionyooka wa kupimia urefu. Leo, alisema, ni siku ya wanaume.

"Wanawake mnakuja wenyewe," akamwambia Mama. "Hawa mpaka uwavizie kazini."

Wanaume wakaanza kujikusanya, wakijifanya wanapita. Sista akawaeleza, na nitayaeleza kama alivyoyasema maana niliyasikia yote. Mizani peke yake haitoshi, alisema, kwa sababu mizani haijui kutofautisha msuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi. Wanaume wengi mafuta yao hupenda kukaa tumboni, ndani, yakazunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayoleta maneno: sukari, presha, moyo. Kwa hiyo tunapima kiuno. Mwanaume akivuka tisini na nne, aanze kujiangalia. Akivuka mia moja na mbili, hatari imezidi, aje kupimwa. Na asiye na futi achukue kamba yenye urefu wake toka kisigino hadi utosini, aikunje mara mbili, ajizungushie. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, tuonane.

"Na kumbukeni," akamalizia, "futi haisemi kwamba unaumwa. Inasema njoo nikutazame."

Akatoa futi yake, ile ya kubonyeza inayojirudisha yenyewe. Akampima mtu wa kwanza, na kabla hajasoma, futi ikajirudisha kwenye ganda lake kama kobe aliyeona mbwa, ikakataa kutoka. Akaibonyeza, akaigonga mezani, akaitingisha. Wapi.

Hapo Baba, mtu mwema, mkarimu, akasema, "Sista, usihangaike. Ipo ya akiba."

Nilikuwa nakunywa chai. Ilinipitia puani.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nami nimejiuliza. Nilidhani atapima wawili watatu, wapige kelele, tucheke, niseme, nikimbie. Sikujua kwamba wanaume wanapopangwa foleni huwa hawajui kuondoka.

"Mimi thelathini na nne," akasema Tanuri akiwa wa kwanza kwa futi hiyo, mikono juu kama aliyekamatwa. "Andika tu, Sista, usijichoshe."

"Fulana juu. Nitafute mwisho wa ubavu. Na hapa mfupa wa nyonga. Napima katikati yake, si pale mkanda ulipokimbilia. Toa pumzi."

"Nimetoa."

"Hujatoa. Sijaja kukagua gwaride. Toa pumzi yote." Tanuri akatoa, na tumbo likarudi nyumbani. "Mia moja na kumi na nane."

Tanuri akageuza kiuno cha suruali yake kutuonyesha lebo. "Thelathini na nne! Imeandikwa!"

"Mimi nimepima tumbo, baba. Sijapima lebo."

Wote wakamtazama Baba. Baba akaitazama cherehani.

Ikawa hivyo mtu baada ya mtu. Sista alitaja kila namba kwa sauti ile yake, na kila namba ilivuka barabara na kurudi. Mjomba alipofika alitabasamu, akasimama ubavu, akafunga macho kama mtu anayesubiri kuvishwa taji.

"Tisini na sita."

Akafungua jicho moja. "Themanini na nane, Sista."

"Tisini na sita."

"Rudia."

Akarudia. Tisini na sita. Mjomba hakuniambia niandike. Alirudi saluni kwake polepole, akaishika fremu ya mlango kama mzee. Huo ndio utani nilioukusudia, na kwa muda kama wa kupepesa macho nilifurahi.

Wa mwisho alikuwa Baba. Alitaka kukwepa, akasema ana suruali ya kumaliza, lakini Mama alimsukuma kwa goti. Sista akampima urefu ukutani, mia moja sabini na mbili, kisha kiuno.

"Mia moja na tano," akasema, na safari hii alishusha sauti, kwa sababu aliuona uso wake. "Mzee, Ijumaa asubuhi njoo kituoni kabla ya kula. Tutapima presha na sukari. Ni kutazama tu."

"Mia na tano," alirudia Baba.

Babu yangu, baba yake Baba, alikuwa fundi vilevile. Kiharusi kilimkuta amesimama kwenye meza hiyohiyo ya kukatia, mkasi mkononi, ana miaka hamsini na miwili. Baba ana hamsini na mmoja. Hayo sikuyafikiria nilipokuwa na wembe.

Mtaa uligeuka siku hiyohiyo. Tanuri alioka mikate akiiangalia kwa chuki, kama mtu anayelea watoto wa adui. Mafundi wa simu waliokuwa kwenye foleni walianza kupanda ngazi za jengo lao mara kumi kwa siku, wakiteremka wanashikana ukuta. Mjomba alinunua kamba ya kuruka, akawa anaruka humohumo saluni, na mteja mmoja alitoka amenyolewa nusu kwa sababu kinyozi aliishiwa pumzi. Mimi nilikuwa nacheka, nasikitika, nacheka tena, mpaka Jumatano, Baba aliponiita.

"Njoo ukae hapa kwenye cherehani yangu."

Nilikuwa sijawahi kukalia kiti kile. Akanipa suruali na zipu.

"Zipu ndiyo inayowashinda wengi," akasema. "Ukiiweza zipu, mteja hakukimbii. Mama yako ana mkono mzuri wa sare lakini zipu za wanaume hazipendi. Itabidi wewe."

"Itabidi mimi nini, Baba?"

"Ushone kwanza."

Nikashona, ikapinda. Akaifumua kwa subira ambayo si yake. Siku zote hunipigia kelele mpaka majirani wanajua nimekosea wapi. Kisha akanionyesha rafu ya vitambaa, kipi ni cha nani, akanionyesha daftari na namna ya kusoma zile tarakimu zake.

"Hizi ndizo za kweli," akasema. "Lebo ni za kuwafurahisha. Nimewashonea watu uongo miaka ishirini, mwanangu. Tanuri angejua namba yake mapema angekuwa amejiangalia. Nami hapa najicheka suruali zikibana, nasema kitambaa kimeingia maji."

"Ijumaa utaenda, lakini?"

Jibu alimpa Mama, jioni tukila, na mimi nilikuwa pale na kijiko changu.

"Siendi," akasema. "Sitaki kusomewa tarehe."

"Baba watoto," akasema Mama, "ungeambiwa tisini na tano, ungekwenda?"

"Kufanya nini? Ningekuwa mzima."

"Na kwa mia na tano?"

"Nikienda nitaambiwa tu ninalolijua."

"Kwa hiyo hakuna namba ya kukupeleka." Mama akaweka sahani chini. "Mume nimepata. Kichwa chake sijui walikipima kwa futi gani."

Hapo ndipo nilipoacha kula. Maana niliona wazi mtego, na niliutega mwenyewe. Nikinyamaza, Baba hatakwenda kwa hofu. Nikisema, atacheka, atanichapa maneno, atasema kumbe mzima, na hatakwenda kwa furaha. Na Mama alikuwa na haki: alipaswa kwenda tu, kwa namba yoyote ile, kwa sababu ya babu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimemwingiza baba yangu.

Alhamisi nikachukua kibonge cha uzi mweusi.

"Baba, simama nikupime kwa ile njia ya kamba aliyosema Sista. Ni somo la shule."

"Shule gani iko likizo na ina somo?"

"Za bweni hazilali, Baba. Simama."

Akasimama, kwa uchovu zaidi ya utii. Nikakanyaga ncha ya uzi kisiginoni pake, nikapanda kigoda, nikaufikisha utosini, nikakata. Nikaukunja mara mbili, nikamzungushia juu ya shati jembamba. Ncha hazikukutana. Katikati yake palibaki nafasi kubwa kidogo kuliko upana wa kiganja changu.

Baba akatazama chini. Fundi ni fundi. Hata akiwa anajiaga, jicho lake linapima.

"Nusu ya mia sabini na mbili ni themanini na sita," akasema taratibu. "Sista kasema mia na tano. Hapa ilitakiwa pengo la kumi na tisa." Akaweka vidole kwenye pengo. "Hii haifiki kumi na mbili."

"Labda alikupima baada ya chai," nikasema.

"Chai ya sentimita nane?"

Akaivua futi yake shingoni. Fundi hajipimi mwenyewe, mkono hupinda, kwa hiyo alinipa mimi. Mimi! Nikaishika ile futi ya njano kwa mara ya kwanza maishani mwangu, yenye joto la shingo yake, nikatafuta mwisho wa ubavu na mfupa wa nyonga, nikamwambia atoe pumzi.

"Tisini na saba, Baba."

Akasoma mwenyewe kwenye kioo. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Hakucheka, wala hakukaa chini. Alikunja uso kama siku ile mteja aliposema koti lake limeshonwa na mtu aliyelewa.

"Huyu Sista kanipima vibaya!"

"Inaonekana, Baba."

"Mbele ya watu! Mimi, fundi!"

"Ungekwenda umwambie," nikasema, nikikunja uzi wangu kwa unyenyekevu wote wa dunia. "Ijumaa asubuhi yupo. Ila ukienda umeshakula hatakusikiliza."

"Nitakwenda na futi yangu," akasema Baba. "Nitampima yeye na meza yake."

Mama alinitazama juu ya cherehani yake, kisha akaendelea kushona.

Ijumaa kituoni walikuwa kumi na mmoja kwenye benchi, wamenyolewa, wana njaa, kimya kama watahiniwa. Mimi nilibeba mkate wa Baba kwenye mfuko, wa kula baadaye. Baba alianza na hoja ya futi, lakini Sista alishazoea wanaume wenye hoja. "Utagomba ukikaa," akasema, akamvalisha ule mkono wa presha, akaujaza upepo, na Baba akanyamaza katikati ya neno. Akamtoboa kidole. Tone likaingia kwenye kile kimashine. Nadhani hakuna kimashine kilichowahi kutazamwa kiasi kile.

"Sukari yako nzuri kabisa," akasema Sista. "Presha mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita. Imeanza kupanda ngazi, Mzee, lakini bado iko chini, unaweza kuiita ishuke. Punguza chumvi. Tembea kila siku, uondoke kwenye hicho kiti. Hilo tumbo likipungua nayo itashuka. Kila mwezi nikuone."

Baba aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo," akasema, akasita. "Kwa hiyo siyo... sasa hivi?"

"Siyo nini?"

"Basi, Sista."

"Baba yako alikuwa na presha?"

"Hakuwahi kupima."

"Wewe umepima," akasema Sista, akaandika.

Baba akatoa pumzi. Nawaambia, Sista angempima kiuno sekunde ile angepata themanini na sita. Aligeuka akanitafuta, akacheka, macho yanang'aa maji, akasema, "Spika, lete mkate huo," na nilipompa alinimegea nusu. Niligeukia ukutani kidogo, kwa sababu za kiufundi.

Habari nyingine zilifuata. Wengi walikuwa salama. Tanuri sukari yake ilikuwa imepanda, lakini naye alipumua, maana alisema ile kiu yake ya kuamkia maji mara nne sasa ina jina na ina dawa, alikuwa anadhani amerogwa na mwoka mikate mwenzake. Benchi zima likaanza kuongea kwa wakati mmoja. Na hapo, katika furaha hiyo, Baba akakumbuka heshima ya kazi yake.

"Sista, sasa tupime viuno upya. Kwa futi yako hiyo mpya iliyo mezani."

Sista hakukataa. Alipima, akaandika namba mpya kando ya zile za Jumanne. Baba, tisini na saba. Mjomba, themanini na nane. Mjomba alipiga magoti. Tanuri, mia moja na kumi. Alipofika wa saba kalamu ilianza kwenda polepole, alipofika wa kumi na mmoja akaiweka chini.

"Nane," akasema. "Nane, nane, saba na nusu, nane. Wote mmepungua nane kwa siku tatu. Mwembamba nane, mnene nane."

"Ngazi!" wakasema mafundi wa simu.

"Kamba!" akasema Mjomba.

"Mwili haupungui hivyo," akasema Baba. "Mwili hupungua kila mtu kivyake. Kinachopungua sawasawa ni futi."

Alivyomaliza kusema hivyo, niliona kwamba angetamani maneno yamrudie mdomoni.

"Futi ya nani ile?" akauliza Sista.

Tanuri akasimama. "Ya huyuhuyu! Ya Fundi! Kwenye suruali anatupunguza, kwenye futi anatuongeza! Fundi, sisi ni nini kwako, mpira wa chingamu?"

"Shemeji!" akasema Mjomba. "Nimeruka kamba siku tatu. Nimemharibu mteja kichwa!"

"Miaka ishirini namwamini na kiuno changu," mwingine akasema, na hakuwa anatania.

Wakanituma niilete. Duka ni hatua mia mbili toka kituoni, na pembeni ya njia pana mtaro wa maji machafu. Nilisimama kando ya ule mtaro, futi mkononi, kwa muda ambao sitautaja. Nikarudi nayo.

Baba hakuitazama. Aliipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyokagua pindo la hariri, kumi, ishirini, arobaini, hamsini, na vidole vikasimama. Vilisimama hapo, vikaupapasa ule mwinuko mdogo, mara moja, mara mbili. Mtaani kwetu nani mwingine angegandisha ncha mbili zikalala hivyo, na kuzipitishia pasi? Akainua macho akaniangalia. Hakukasirika. Alinisoma tu, kama anavyosoma kiuno cha mtu, na kama kawaida yake hakutangaza.

Akaikunja futi akaitia mfukoni.

"Imechakaa," akawaambia. "Ni ya zamani, imejikunja ndani. Ningepaswa kuikagua kabla ya kumpa Sista. Kosa langu, jamani. Mnisamehe."

Tanuri akasonya. Mmoja akasema heri atafute fundi mwingine, na wawili wakaitikia. Baba aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali oda.

Nikapanda juu ya benchi. Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea.

"Waheshimiwa," nikaanza, "kufuatia tukio la—"

"Shuka, mama," akasema Baba kwa upole. "Yameisha."

"Hayajaisha." Sauti ya matangazo ilikataa kutoka, ikaja nyingine, nyembamba, nisiyoijua. "Futi haikuchakaa. Niliikata mimi, Jumatatu, kwa wembe, sitini mpaka sitini na nane, nikaigandisha. Nilimkusudia Mjomba peke yake. Baba hakujua kitu."

Hakuna aliyecheka, hata Mjomba. Walikuwa wanatazama juu, na mimi nilikuwa namtazama mmoja tu.

"Na nilijua tangu Jumanne kwamba ile mia na tano si yako, Baba. Ulivyonikalisha kwenye kiti chako ukanifundisha zipu, nilikuwa najua. Nikashona tu, nikanyamaza."